Kutoka Mwanza hadi Japani kwa Daraja la Kawaida: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mkazi wa Mwanza anapopata safari yake ya kwanza ya Japani, iwe kwa ufadhili wa masomo wa serikali ya nchi hiyo, kwa mafunzo ya JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, au kwa biashara ya magari, nyumba yake hujaa washauri kabla hata tiketi haijakatwa. Mmoja atamwambia kwamba ndege za mbali hugandisha damu, mwingine kwamba abiria wa daraja la kawaida hujinunulia chakula, wa tatu kwamba asiye na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, hurudishwa mlangoni. Nia yao ni njema. Hata hivyo, hofu ya msafiri wa mara ya kwanza huelekezwa karibu yote angani, kwenye mtikisiko na kwenye kiti kinachobana, ilhali safari ya namna hii huharibika zaidi ardhini: kwenye tiketi, kwenye begi na kwenye saa. Kwa sababu hiyo naanza na ya ardhini, na ndiyo nitakayoyakalia zaidi.

"Tiketi ni tiketi, mradi bei ni nafuu"

Hakuna ndege ya abiria inayotoka Tanzania moja kwa moja hadi Japani. Kati ya Dar es Salaam na Tokyo kuna zaidi ya kilomita 11,000 hata kwa njia iliyonyooka, na abiria wetu huunganisha Doha, Dubai, Addis Ababa au Istanbul. Msafiri wa Mwanza ana kipande kimoja zaidi, kile cha kutoka uwanja wa ndege wa Ilemela hadi Dar es Salaam au Kilimanjaro, na hicho kipande kifupi ndicho chenye mtego. Wengi hukata tiketi ya kimataifa kuanzia Dar es Salaam, kisha hutafuta tiketi ya ndani peke yake kwa sababu imepatikana kwa bei ya chini. Kisheria hizo ni safari mbili zisizojuana. Ndege ya Mwanza ikichelewa kwa mvua au kwa hitilafu, shirika la pili halina wajibu wa kumsubiri abiria wala kumpa nafasi nyingine bure, kwa kuwa kwake huyo ni mtu aliyechelewa tu. Safari yote ikiwa katika tiketi moja, jukumu la kumfikisha ni la mashirika yaliyomuuzia safari hiyo. Anayelazimika kutumia tiketi mbili ni heri alale Dar es Salaam usiku mmoja kuliko kujipa mwanya wa saa mbili, na gharama ya chumba ni ndogo mno ikilinganishwa na tiketi iliyopotea.

Na begi je? Dhana iliyoenea ni kwamba begi likishakabidhiwa Mwanza, litakutana na mwenyewe Tokyo. Jibu limeandikwa kwenye kile kikaratasi kirefu ambacho mhudumu hukizungusha kwenye mpini wa begi. Msafiri asiondoke mezani kabla ya kukisoma. Herufi tatu kubwa kuliko zote ndizo kituo cha mwisho cha begi: NRT ni Narita, HND ni Haneda, KIX ni Kansai karibu na Osaka. Zikiwa DAR, begi litashukia Dar es Salaam, na mwenyewe atapaswa kulichukua, kwenda nalo jengo la tatu la abiria linalohudumia safari za kimataifa, na kulikabidhi upya. Hata anayeendelea hadi Fukuoka au Sapporo kwa ndege ya ndani ya Japani hulichukua begi katika uwanja wa kwanza anaotua nchini humo, kwa sababu ukaguzi wa forodha hufanyika hapo.

Kuhusu nchi za kuunganishia, wapo wanaoamini kwamba kila nchi inayopitiwa inadai viza yake. Mwenye tiketi moja ambaye hatoki nje ya eneo la abiria wanaounganisha Doha, Dubai au Addis Ababa haombwi viza.

"Saa iliyoandikwa inaeleweka"

Haieleweki kirahisi hivyo, na watu hukosa ndege kwa ajili yake. Tiketi hutumia saa 24, na kila saa iliyoandikwa ni ya mahali ndege ilipo wakati huo. Tuchukue ndege iliyoandikwa 00:40, tarehe 15. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa 6:40 usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani msafiri anatakiwa awe uwanjani jioni ya tarehe 14. Anayefika usiku wa tarehe 15 akiwa na wasindikizaji wake wote ataambiwa kwamba ndege yake ilishaondoka usiku uliotangulia. Namshauri kila msafiri aiandike safari yake upya kwa mkono, kwa saa za Kiswahili na kwa jina la siku, kisha ampe mtu mwingine aihakiki.

"Ukishapata viza, umeshaingia"

Mtanzania anahitaji viza kabla ya kusafiri, na huiomba Ubalozi wa Japani jijini Dar es Salaam. Viza ya kuingia mara moja kwa ziara fupi huisha miezi mitatu baada ya kutolewa, hata kama haijatumika, hivyo kuiwahi mno kuna hasara yake. Idhini yenyewe ya kuingia hutolewa na ofisa uhamiaji uwanjani. Tangu Novemba 2007 wageni wenye umri wa miaka 16 na kuendelea huchukuliwa alama za vidole na kupigwa picha, na wanaweza kuulizwa watakaa wapi na watarudi lini. Anwani ya mahali pa kufikia iwe imeandikwa kwenye karatasi mkononi. Simu isiyo na mtandao haisaidii hapo.

"Vyakula vya nyumbani si magendo"

Hapa pana uchungu wake, kwa sababu anayefunga chakula hicho mara nyingi ni mama au shangazi, na hufunga kwa upendo. Japani imekataza kuingiza nyama na bidhaa zake bila cheti cha ukaguzi cha serikali ya nchi zinakotoka, na katazo hilo halijali kama nyama imekaushwa, imekaangwa, imo kwenye kopo au ni soseji chache za kula njiani. Kinacholindwa ni mifugo yao dhidi ya magonjwa kama homa ya nguruwe ya Afrika na ugonjwa wa miguu na midomo. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 3 au faini ya yeni milioni 3, na mbwa wa kunusa huzunguka pale mabegi yanapotokea. Embe kutoka kwetu haziruhusiwi kwa sababu ya inzi wa matunda, na matunda mengine na mboga mbichi, hata zisizokatazwa, huhitaji cheti cha afya ya mimea. Dagaa wakavu hawamo katika katazo la nyama. Wafungwe vizuri harufu isitoke, wawe wa kiasi cha kula mwenyewe, na watajwe pale ofisa anapouliza.

Dawa zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Dawa ya mafua inayouzwa kwetu bila maswali inaweza kuwa kosa kubwa kule: dawa yenye sudoefedrini inayozidi asilimia 10 hairuhusiwi kuingia, na yenye kodeini inayozidi asilimia 1 huhesabiwa kuwa ya kulevya. Kwa dawa za kawaida zilizoandikwa na daktari, msafiri huruhusiwa kubeba za kutosha mwezi mmoja, na zile zisizohitaji cheti cha daktari za kutosha miezi miwili. Zaidi ya hapo huombwa kibali mapema. Zibaki katika boksi zake, zisichanganywe kwenye kichupa kimoja.

Nikiwa bado kwenye afya, Japani haidai kadi ya njano. Kadi hiyo inaweza kudaiwa wakati wa kurudi, kwa sababu Tanzania huiomba kwa anayetoka nchi yenye homa ya manjano au aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi kama hiyo, na Ethiopia na Kenya zimo. Jambo ambalo washauri hawalitaji kabisa, nami naliona kubwa kuliko kadi, ni malaria. Mtu wa Kanda ya Ziwa akipata homa wiki chache baada ya kufika, amwambie daktari mara moja kwamba ametoka kwenye eneo lenye malaria, kwa kuwa ugonjwa huo hauambukizwi huko tena na daktari anaweza asiufikirie.

Pawabenki haiwekwi kwenye begi kubwa hata siku moja. Huwa kwenye begi la mkononi, na isizidi saa-wati (Wh) 100, ambazo kwa pawabenki za kawaida ni takriban 27,000 mAh. Tangu Julai 2025 mamlaka za Japani huwataka abiria wasiiweke hata kwenye kabati la juu ya kiti, ili ikipata moto ionekane mapema. Soketi za Japani ni za volti 100 na matundu mawili bapa. Chaja iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi ikipata kiunganishi, lakini pasi au mashine ya kunyolea ya volti 230 ibaki nyumbani.

"Kule juu hewa ni ndogo na ndege inaanguka kwenye mashimo"

Ndani ya ndege hewa hukandamizwa hadi kufanana na ya mahali penye mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400. Mwanza yenyewe ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo mtu mwenye afya kutoka kandokando ya Ziwa Viktoria hana geni kubwa la kuogopa. Anayepaswa kumwona daktari kabla ya kukata tiketi ni mwenye ugonjwa wa mapafu, upungufu mkubwa wa damu au selimundu, ambayo kwetu Kanda ya Ziwa ni nyingi. Kwa mwenye selimundu, upungufu huo mdogo wa oksijeni pamoja na ukavu unaweza kuamsha maumivu.

Ukavu ndio utakaomshangaza mtu wa ziwani. Unyevu wa hewa ndani ya ndege huwa chini ya asilimia 20, koo hukwaruza na midomo hupasuka. Abiria wa kiti cha dirishani huacha kunywa maji ili asiwasumbue wenzake kwenda msalani, na hilo ni kosa. Aombe njia bila aibu, hakuna anayeshangaa.

Mashimo ya hewa hayapo. Kinachotikisa ndege ni mikondo ya hewa yenye mwendo tofauti, na mabawa yameundwa yapinde bila kuvunjika. Hatari ni kwa asiyefunga mkanda. Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilipata msukosuko wa ghafla. Abiria mmoja alifariki na makumi wakajeruhiwa, lakini ndege yenyewe ilitua Bangkok salama. Mkanda ufungwe muda wote mtu akiwa amekaa, na anayelala aufunge juu ya blanketi, mhudumu auone bila kumwamsha.

Kuhusu damu kuganda, washauri wamelishika jambo la kweli kwa upande usio wake. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kukaa kitako zaidi ya saa 4 bila kujongea huongeza hatari hiyo takriban mara mbili, na kwamba basi na treni nazo zimo. Waliosafiri kwa basi kutoka stendi ya Nyegezi, Mwanza, hadi Dar es Salaam wameshakutana nayo bila kuijua. Hatari bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000 kwa safari ya ndege ya zaidi ya saa 4. Kusimama kila baada ya muda, kuzungusha vifundo vya miguu na kuvaa viatu vinavyolegea kunawatosha wengi. Aliyewahi kuganda damu, mjamzito au aliyefanyiwa upasuaji karibuni amuulize daktari, wala asijimezee aspirini kwa ushauri wa jirani.

Chakula, maji na blanketi vimo ndani ya nauli katika mashirika makubwa yanayokwenda huko. Anayetaka chakula cha Kiislamu au kisicho na nyama akiombe angalau saa 24 kabla.

"Lala sana kabla, uchovu hautakupata"

Japani ipo mbele yetu kwa saa 6, na mwili hauhami kwa kasi ya ndege. Kwenda mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi, na wengi huhitaji siku kadhaa kuzoea. Bia haisaidii, kwani huleta usingizi wa kukatikakatika. Kinachoupeleka mwili kwenye saa mpya ni mwanga, na wakati wake una maana. Saa ya ukutani Tokyo ikisoma 10 asubuhi, Mwanza ni saa 10 alfajiri, na mwili wa mgeni bado unahesabu alfajiri hiyo. Kwa hiyo, siku mbili za kwanza, mwanga unaofaa ni wa kuanzia muda huo hadi alasiri, na si wa jua linapochomoza.

Mfano huo una faida nyingine. Kwa tofauti hii ya saa 6, namba inayosomeka kwenye saa ya Japani ndiyo saa ya Kiswahili nyumbani: ikisoma 9 usiku kule (yaani 21:00), Mwanza ni saa 9 alasiri, na mtu anaweza kupiga simu bila kupiga hesabu.

Mwenye mkutano au mtihani wa maana afike siku mbili kabla. Na akishukia Narita baada ya saa 4 usiku kwa saa za Kiswahili (22:00 ya huko), awe na mahali pa kulala karibu na uwanja, kwani kuna takriban kilomita 60 hadi katikati ya Tokyo, treni hukoma kabla ya usiku wa manane, na teksi ya umbali huo ni ghali sana.