Harufu ya mimea na njia za kuitoa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukiloweka maua katika mafuta ya zeituni, unapata mafuta ya kunukia.
Unachopata ni mafuta ya zeituni yenye harufu. Mafuta ya kunukia huruka hewani. Tone la mafuta ya lavenda kwenye karatasi nyeupe hukauka karibu lote, la kulowekwa huacha doa. Anayeloweka anyaushe maua kwanza, maana maji ya maua mabichi hutuama chini na kuvundisha chupa nzima.

Dhana: Lazima moto uwe mkali kiasi cha kuchemsha mafuta yenyewe.
Linaloli, kemikali ya harufu ya lavenda, huchemka karibu nyuzi 198 za Selsiasi, eujenoli, ile ya karafuu, karibu 254. Hata hivyo, kwa kukeneka, yaani kupitisha mvuke wa maji kwenye mmea kisha kuupoza ugeuke maji, zote hutoka na mvuke chini kidogo ya nyuzi 100. Maji na mafuta hayachanganyiki, kwa hiyo kila kimoja hutoa shinikizo lake la mvuke, na mashinikizo hayo hujumlishwa. Jumla ikifikia shinikizo la hewa, vyote viwili huondoka pamoja.

Kuchochea moto, basi, ni hasara tupu. Majani yanayogusa kitako cha chombo huungua na kutia harufu ya moshi, nao mrija wa kupozea huzidiwa, mvuke ukatoka bila kugeuka maji. Weka majani juu ya wavu, mbali na maji. Yapange sawasawa: yakishindiliwa, au yakiachwa na mianya mikubwa, mvuke huchagua njia moja na kuyapita mengine.

Angalia pia mafuta yanakaa wapi katika maji yaliyokusanywa. Mengi huelea, lakini ya karafuu ni mazito kuliko maji na huzama. Anayeengua juu tu humwaga mali pamoja na maji.

Dhana: Kila ua linakeneka.
Asumini haliwezi, joto huiharibu harufu yake. Viwandani huoshwa kwa heksani, kiyeyushi kitokanacho na petroli, ikabaki nta yenye harufu. Nta hiyo huyeyushwa katika ethanoli (alkoholi), hupozwa sana ili nta igande, huchujwa, kisha ethanoli huvukizwa. Heksani hulipuka kwa urahisi, si kitu cha jikoni.

Dhana: Kukamua bila joto ndiyo njia bora daima.
Hufaa maganda ya jamii ya machungwa, ambayo vifuko vyake vya mafuta viko karibu na uso. Kwingine hakuna cha kukamua. Na hata hapo kuna kasoro: mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa yana kemikali ziitwazo furanokumarini, zinazofanya ngozi iungue ikipigwa na jua. Yaliyokenekwa karibu hayana.

Dhana: Mvuke hutoa kilichokuwamo mmeani, bila kubadilisha.
Buluu ya mafuta ya kamomili haimo katika ua. Ni kamazulini, inayozaliwa matrisini, kemikali iliyomo uani, inapovunjwa na joto la mvuke.

Dhana: Maji yanayobaki ni ya kumwaga.
Kilo 1 ya mafuta ya waridi huhitaji takriban kilo 3,000 hadi 5,000 za petali, na bado alkoholi ya feniliethili, sehemu kubwa ya harufu yenyewe, huyeyukia majini. Ndiyo maana wakenekaji huyakeneka maji hayo tena. Ukiyahifadhi kama marashi, tumia chupa iliyochemshwa na uyaweke kwenye friji. Yakionyesha utando au ukungu, mwaga.