Ubongo wa mvulana na wa msichana: mengi tuliyoambiwa si kweli

Kila nikikaa na wazazi lazima atatokea mmoja aniulize, daktari, si ni kweli mtoto wa kiume kaumbiwa hesabu na wa kike kaumbiwa maneno? Jamani hapana. Imani hizi zina historia. Mwaka 1982 ulitoka utafiti uliosema lile daraja la neva linalounganisha upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo ni pana zaidi kwa wanawake, habari ikaenea kila mahali, na mpaka leo bado naulizwa. Zilipimwa bongo 14 tu! Mwaka 1997 wataalamu wakarudi kuchambua tafiti 49, tofauti ile hawakuiona. Halafu 2015 zikachunguzwa picha za bongo zaidi ya 1,400, na nyingi zilikutwa ni mchanganyiko, hapa kama wa kiume, pale kama wa kike, ndani ya kichwa kimoja.

Ukubwa ndio, kwa wastani wa wanaume ni mkubwa kidogo kama miili yao ilivyo, ila hiyo haihusiani na nani ana akili zaidi.

Tofauti ninayoichukulia siriasi mimi ni ya muda. Wasichana hubalehe mapema, mwaka mmoja au miwili kabla ya wavulana, na ubongo wao hufikia ukubwa wake wa juu kwenye miaka 10 na nusu hivi wakati wa wavulana ni kwenye 14 na nusu. Na ile sehemu ya mbele, ya kupanga mambo na kujizuia, kwa wote inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo ukimwambia kijana wa miaka 12 "mwangalie mwenzako wa kike alivyotulia" unamlaumu kwa saa ya mwili wake, na hilo linaniuma kila nikilisikia.

Sasa ubongo wa mtoto unajijenga kwa kile anachokifanya mara kwa mara. Binti akipewa vitu vya kujenga, kupanga na kufungua, uwezo wake wa kuona maumbo kichwani unapanda, umeshapimwa huo na unafundishika kabisa. Mvulana naye aongeleshwe, asomewe hadithi, aulizwe "umejisikiaje?" na asubiriwe mpaka apate neno lenyewe, maana wengi ninaowapokea wana miaka 9 na neno walilonalo ni "nimekasirika" tu, hata pale walipoogopa au kuona aibu.

Kingine, tafadhali. Wasichana huwahi kuongea kidogo, kwa wastani, lakini mvulana wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili msimwache eti wanaume huchelewa. Mpelekeni apimwe masikio kwanza. Na yule binti mpole anayekaa nyuma darasani akitazama dirishani kila siku, hasumbui mtu, alama zinashuka, naye ataachwa mpaka lini? Shida ya umakini kwa wasichana mara nyingi inakuja hivyohivyo, kimya, muulizieni mapema.