Doa la Ukungu Ndani ya Darubini: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Nebula

Dhana potofu: Nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi yaliyo angani, huonekana nyekundu na samawati kama ilivyo pichani.

Ukweli: Kamera hukusanya nuru kwa dakika nyingi, pengine saa kadhaa, jicho haliwezi, na gizani seli zake zinazotambua rangi karibu zote hulala. Ndiyo maana Nebula ya Jabari (kundinyota la Orion), au M42, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 1,340, huonekana kama moshi wa kijivu, labda wenye ukijani kidogo. Alama yake haipotei: katikati ya moshi huo zimo nyota nne ndogo zilizosongamana. Ukiziona hizo kwenye upanga wa Jabari, umeshaitambua.

Dhana potofu: Kila doa la ukungu ni nebula.

Ukweli: Orodha ya mwanaastronomia Mfaransa Charles Messier, ambayo leo ina vitu 110 (ndiyo asili ya herufi M katika majina kama M42), ilikusanywa ili wawindaji wa nyota zenye mkia wasidanganywe na madoa yasiyosogea, na nebula halisi humo ni chache, vingi ni vishada vya nyota na galaksi. Hata M31, yaani Andromeda, iliitwa nebula hadi miaka ya 1920, mwanaastronomia Edwin Hubble alipothibitisha kuwa ni galaksi iliyo nje kabisa ya yetu. Omega Centauri, kishada cha nyota, nayo hufanana na ukungu kwenye darubini ndogo, lakini kwenye darubini kubwa zaidi kingo zake huchambuka kuwa chembe, mithili ya chumvi iliyomwagwa juu ya kitambaa cheusi.

Dhana potofu: Isipoonekana vizuri, ongeza ukuzaji.

Ukweli: Ukuzaji hutandaza nuru ile ile juu ya eneo pana zaidi, na doa hafifu likazidi kufifia. Anza na lenzi ya ukuzaji mdogo, yazoeshe macho giza kwa dakika 20 hadi 30 bila kugusa simu, kisha elekeza jicho kando kidogo ya doa, kwa kuwa pembeni ndiko jicho linakohisi nuru hafifu. Nebula za sayari ndizo zinazovumilia ukuzaji mkubwa, maana nyingi ni ndogo na nuru yake imekolea. Jina lao lisikupoteze, kwani ni gesi iliyotemwa na nyota inayokufa.

Dhana potofu: Ukungu unaozizunguka nyota za Kilimia lazima uwe nebula.

Ukweli: Vumbi linaloakisi nuru lipo kweli, hasa karibu na nyota iitwayo Merope, ila ni hafifu mno, na mara nyingi kinachoonekana ni umande juu ya lenzi. (Mwandishi wa makala haya aliwahi kuusifu umande wake karibu nusu saa nzima.) Igeuze darubini kwenye Aldebaran, nyota ya rangi ya chungwa iliyo jirani: ikiwa nayo imevaa ukungu ule ule, kausha lenzi kwa hewa ya uvuguvugu, bila kuisugua, kisha urudi Kilimia.