Mapupu ya mbuzi darasani

Mimi ni daktari wa mifugo. Mara chache kwa muhula huwa naenda shule za sekondari za hapa Dar es Salaam na ndoo ya barafu yenye mapupu ya mbuzi na moyo wa ng'ombe. Watoto wa mjini mapupu wanayajua yakiwa yamekaangwa kwa pilipili. Yakiwa mazima, yameshikana na trakea yake, yaani bomba la hewa, wengi hawajawahi kuyagusa.

Mara ya kwanza niliumbuka. Nilibeba mapafu ya ng'ombe, nikachomeka pampu ya baiskeli, nikasukuma. Pssss! Hewa ikavuja kila upande. Nilisahau kwamba machinjioni mkaguzi wa nyama huyapasua, pamoja na tezi zake, akitafuta dalili za kifua kikuu. Kukwepa ukaguzi siwezi, kwa hiyo sasa nachukua ya mbuzi, ambayo mara nyingi hupapaswa tu kwa mkono. Glavu ni lazima, na kupuliza kwa mdomo ni marufuku, hata kwa wale wanaotaka kuonyesha ushujaa.

Pampu ikianza, lile pafu lililonywea linajaa polepole na kugeuka waridi hafifu. Kelele zote zinakatika. Ukiachia, linasinyaa lenyewe. Ndivyo unavyotoa pumzi ukiwa umetulia, bila kutumia nguvu. Ila pampu inadanganya kidogo. Mwilini hakuna anayesukuma hewa: kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, hushuka, kifua hupanuka, hewa ikavutwa ndani.

Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa kimya muda wote, anafuata trakea kwa kidole.

"Dokta, mbona matawi ni matatu?"

Kitabu chake kilichora mawili. Mbuzi ana tawi la ziada linalochomoka upande wa kulia kabla trakea haijagawanyika. Ng'ombe na nguruwe wanalo pia. Binadamu kwa kawaida hana, na mchoro ule ulikuwa wa binadamu. Nilikuwa nimepanga kuwaonyesha mwenyewe, akaniwahi.

Kwenye moyo huwa nawaacha wapime kwanza kwa vidole: ukuta wa kushoto mnene, wa kulia mwembamba, maana huu husukuma damu hadi mapafuni tu, hapo jirani. Kisha nawaambia moyo wa ng'ombe mkubwa una mfupa. Wanacheka. Kijana mmoja akabisha kabisa, nikampa kisu akate taratibu karibu na chanzo cha aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Kikagota. Akanitazama, akajaribu tena pembeni kidogo.

Kikagota tena.