Pua hushuka ngazi kabla ya macho

Mteja aliniita akiwa amekwisha kumaliza kila kitu: kuta za jipsamu zenye rangi ya maziwa, zulia nene, makochi, televisheni ukutani. "Fundi," akaniambia, "chumba ni kizuri lakini hakikaliki. Watoto wanashuka, dakika kumi hazipiti wamesharudi juu." Sikuhitaji kufika chini ili kujua sababu. Kwenye kidato cha tatu cha ngazi nilishakutana na harufu ya nguo zilizokunjwa kabla ya kukauka.

Kazi yangu ni kugeuza vyumba vya chini ya ardhi kuwa sehemu za kuishi, na kosa hili ndilo ninaloitiwa mara nyingi zaidi. Watu huanza na kinachoonekana. Lakini mtu anaposhuka, pua hutangulia, zikafuata nyayo, ndipo yakaja macho. Nami hufanya kazi kwa mpangilio huohuo.

Harufu ni maji. Zege, hata liwe gumu namna gani, lina vitundu vidogo visivyoonekana, na hunyonya maji ya udongo kama utambi unavyonyonya mafuta. Ule unga mweupe unaouona ukutani ni chumvi iliyobebwa na maji na kuachwa pale yalipokauka. Ukipaka rangi juu yake utaukuta tena, safari hii pamoja na rangi iliyobanduka. Kwa hiyo kabla ya kununua hata msumari, kata vipande viwili vya nailoni angavu, karibu nusu mita kila upande. Bandika kimoja sakafuni na kingine ukutani, uzibe kingo zote kwa selotepu pana, kisha uviache siku moja au mbili. Matone yakitokea chini ya nailoni, upande wa zege, maji yanatoka ardhini. Yakitokea juu yake, upande wa chumba, yanatoka hewani. Usiyachanganye haya mawili, maana dawa zake ni tofauti.

Maji ya ardhini hutibiwa nje kwanza. Mara nyingi nakuta maji ya paa zima yanamwagwa na bomba la gata mguuni mwa ukuta, halafu mwenye nyumba anashangaa kwa nini ukuta unatoka jasho. Refusha bomba hilo angalau mita mbili kutoka kwenye msingi, na upange udongo uteremke sentimita 15 hivi katika mita 3 za kwanza. Kama maji bado yanapanda, hapo ndipo tunazungumzia mfereji wa kuzunguka msingi na shimo lenye pampu. Pampu hiyo iwe na betri ya akiba, kwa sababu dhoruba inayojaza shimo ndiyo hiyohiyo inayokata umeme.

Maji ya hewani ndiyo yanayowachanganya wengi. Hewa ya nyuzi 24 za Selsiasi yenye unyevu wa asilimia 65 huanza kugeuka matone ikigusa kitu chenye nyuzi 17 hivi. Ukuta unaoegemea udongo unaweza kuwa baridi kuliko hapo. Sasa fikiria mtu anayefungua madirisha msimu wa joto na unyevu "ili chumba kipumue": anakaribisha maji ndani, tena kwa nia njema kabisa. Msimu huo funga madirisha, washa mashine ya kuvuta unyevu, na weka kipima unyevu pale unapoweza kukiona. Mimi hulenga asilimia 50, na sikubali unyevu uvuke 60.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoamua ukuta ujengwe vipi. Pamba ya nyuzi za kioo, ile ya kuzuia baridi, ikishindiliwa kati ya mbao zinazogusa zege, hewa ya chumba hupenya, hukutana na zege baridi, na pamba hulowa polepole bila mtu kujua. Kwa yule mteja nilipofungua ukuta nilikuta kuvu nyeusi imetanda nyuma ya rangi safi kabisa. Ndiyo maana mimi hubandika mabamba magumu ya polistireni (povu la plastiki linalozuia baridi), sentimita 5, moja kwa moja kwenye zege, nikaziba viungo vyote, kisha fremu ya mbao ikasimama mbele yake. Siweki nailoni nyuma ya jipsamu, kwa kuwa ukuta wa namna hii unahitaji nafasi ya kukaukia kwa ndani. Ila polistireni huwaka, hivyo isiachwe wazi. Jipsamu lazima iifunike. Ubao wa chini wa fremu uwe umetiwa dawa, na jipsamu iishie sentimita moja juu ya sakafu. Skatingi itaficha pengo.

Nyayo zina madai machache. Zege hunyonya joto la mguu, basi weka mabamba ya polistireni na plaiwudi juu yake, au vinyl, sakafu nyembamba ya plastiki, ikiwa dari iko chini na kila sentimita ina thamani. Zulia la kugundisha juu ya zege tupu mimi hukataa kuliweka, hata mteja akisisitiza. La kutandika linatosha, nawe unaweza kulitoa ukalianika.

Kwa macho, achana na taa moja kali katikati ya dari. Tawanya mwanga: taa zinazoosha kuta, taa za mezani, balbu za rangi ya joto, kati ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 na 3000. Ukuta wenye mwanga huonekana kusogea mbali. Na ukifunga dari, acha vijilango mahali penye koki na viungo vya mabomba. Kama mtu atalala humo, pawe na dirisha ambalo mtu mzima anaweza kutokea bila msaada. Hilo sijadiliani na mteja.

Kuna kitu kimoja ambacho si pua, si nyayo, si macho yanayoweza kukigundua. Radoni ni gesi ya mionzi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye urani iliyomo ardhini na kupenya kwenye nyufa za sakafu. Baada ya sigara, ni miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo, na pale isipowezekana, isivuke 300. Pima kabla ya kazi, upime tena baada yake, kwa sababu kuta na milango mipya hubadilisha mzunguko wa hewa. Ikizidi, bomba lenye feni huivuta kutoka chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa. Kwa yule mteja tulilipitisha kwenye kona ya kabati la chini ya ngazi, na kipimo cha pili kikashuka chini ya 100.