Kukaguana: adabu ya watu wa milima

Ukimuuliza mtu asiyepanda milima ni kitu gani kinachowaunganisha wapandaji, aghalabu atakutajia ujasiri. Mimi hufundisha usalama wa milimani, na jibu langu halina mvuto wowote: ni kukaguana. Wapanda miamba, watelezaji wa skii na watembeaji wana mavazi tofauti, misemo tofauti na hata dharau ndogondogo baina yao (mtelezaji humwona mtembeaji mzito, mpanda miamba huwaona wote wawili wako likizo). Ila wote wanajua kwamba mambo yakiharibika, atakayewafikia kwanza ni yule waliyeondoka naye asubuhi.

Chukua theluji inapoporomoka na kumfukia mtu. Wanaochimbuliwa ndani ya dakika kumi hivi za kwanza, karibu tisa kati ya kumi hutoka wakiwa hai. Ikipita nusu saa, wanaosalimika ni kama theluthi. Wengine hufa kwa majeraha, lakini wengi hukosa hewa: pumzi yao wenyewe huyeyusha theluji iliyo mbele ya uso, ikaganda tena kuwa barafu, na hewa ikakatika. Helikopta haifiki kwa dakika kumi, labda kwa bahati. Anayefika ni mwenzako, ikiwa ana koleo, fito ndefu ya kuchomea theluji na transiva, yaani kile kiredio kidogo cha kifuani kinachotuma na kupokea mlio. Transiva hizi hutumia masafa mamoja duniani kote, kilohezi 457, kwa hiyo hata mgeni asiyekujua jina anayepita karibu anaweza kukutafuta.

Ndiyo maana kundi lenye adabu halianzi safari bila ukaguzi. Kiongozi hutangulia hatua kadhaa na kuiweka transiva yake kwenye kupokea. Wengine wanapita mbele yake mmoja mmoja, wakiachiana nafasi, vifaa vyao vikituma. Kila anayepita lazima mlio wake usikike. Akipita mtu kukawa kimya, anarudishwa: betri imekwisha, au hajawasha, au kifaa kimebaki garini. Kisha lazima mtu amkague kiongozi naye, maana akisahau kukirudisha kifaa chake kwenye kutuma, atashinda mlimani siku nzima bila mtu yeyote kuweza kumtafuta. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitazama ninapokutana na kundi geni. Wanaoiruka huwa wameruka na mengine.

Kwenye miamba ni vivyo hivyo. Kabla mpandaji hajainua mguu, anamkagua mshika kamba, yaani mwenzake atakayebaki chini akiidhibiti kamba: je, kamba imepita upande sahihi wa kifaa cha breki, karabina (pete ya chuma ya kufungia kamba) imekazwa skrubu? Mshika kamba naye anafuatisha kwa macho fundo la mpandaji, lile lenye umbo la tarakimu nane, mkondo kwa mkondo, kisha anavuta mkanda wa kiunoni kuona kama umefungwa sawasawa. Halafu linakuja swali ambalo wengi hulisahau: ncha ya pili ya kamba ina fundo? Kamba ikiwa fupi kuliko njia na ncha haina fundo, mtu anayeteremshwa huweza kuanguka pale ncha inapochomoka kwenye kifaa. Ni ajali ya kizembe, nayo hujirudia. Mkongwe hukaguliwa na kijana aliyejifunza wiki iliyopita, na husimama ametulia kama anayepimwa suti. Hakuna anayeuliza "kwani huniamini?" Akiuliza, mimi kamba yake siishiki.

Tumekuzwa na methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mlimani guu huvunjika pia kwa kumsikia mkuu kupita kiasi. Mtafiti Ian McCammon alichambua ajali zaidi ya 700 za maporomoko ya theluji nchini Marekani, na alichokikuta si ujinga wa theluji. Wengi walikuwa na mafunzo, na dalili za hatari zilikuwa wazi. Kilichowaponza ni mazoea na mteremko wanaoujua, imani kwa yule anayeonekana mjuzi, na hamu ya kuwahi theluji isiyokanyagwa kabla ya wengine. Kwa hiyo makundi makini yana kanuni moja inayokera: mmoja akisema tugeuze, mnageuza, na si lazima atoe sababu. Mara nyingine utageuza kwa hofu ya mtu aliyelala vibaya tu. Sawa, geuza. Siku mkianza kumtaka ajieleze, safari inayofuata atanyamaza.

Hadithi ambayo wapandaji huisimuliana zaidi kuhusu K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, inahusu timu ambayo haikufika kileleni. Tarehe 10 Agosti 1953 msafara ulioongozwa na Charles Houston ulikuwa unamteremsha mwenzao, Art Gilkey, aliyekuwa na damu iliyoganda mguuni. Kila mmoja alijua kwamba kumshusha mgonjwa kutoka kimo kile ni karibu na kutowezekana. Mmoja aliteleza, kamba zikanasana, watu watano wakaporomoka. Pete Schoening alikuwa amezungusha kamba kwenye shoka la barafu lililoegemea jiwe, akawazuia wote pamoja na Gilkey. Gilkey alitoweka mlimani siku hiyohiyo. Wale watano walirudi kwao.

Kushika kamba, hata hivyo, ndiyo sehemu rahisi ya kusifiwa. Kuna ile ya fedha, ambayo wapenda milima wengi hawataki kuizungumzia. Mwaka 1820 waongozaji watatu walikufa kwenye Mont Blanc, mlima wa Alps huko Ulaya, wakiwa kazini. Mwaka uliofuata wenzao wa Chamonix, mji ulio chini ya mlima huo, waliunda chama chao, wakaweka zamu ya kugawana kazi na mfuko wa kuwasaidia waliopatwa na ajali na familia zao. Karibu karne mbili baadaye, tarehe 18 Aprili 2014, barafu iliporomoka njiani Everest na kuua Wanepali 16 waliokuwa wakiwabebea na kuwatengenezea wengine njia. Serikali ilitangaza rupia 40,000 kwa kila familia, kama dola 400, kwenye mlima ambao mteja mmoja hulipa makumi ya maelfu ya dola. Masherpa, jamii ya milimani ya Nepal inayofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, walikasirika, wakagoma, na msimu upande wa Nepal ukaishia hapo. Waliowalaumu kwa kuharibu safari za watu, nadhani hawakuwahi kujiuliza nani aliyekuwa akishika kamba yao.

Wanepali wengine, kumi kwa jumla, ndio waliofika kilele cha K2 wakati wa baridi kwa mara ya kwanza, tarehe 16 Januari 2021. Waliotangulia walisimama mita chache chini ya kilele wakawangoja wengine, kisha wakakanyaga pamoja wakiimba wimbo wa taifa lao. Hakuna jina moja la kuandika kwamba ndilo la kwanza.

Kwa mgeni anayeanza, pa kuionja adabu hii ni kwenye vibanda vya milimani. Huko Alps, vibanda vingi huacha chumba kimoja wazi msimu ambao mtunzaji hayupo. Unakuta mablanketi, jiko, kuni, na kisanduku cha malipo ambacho hakina wa kukilinda. Unafagia, unapasua kuni za atakayekuja, unalipa. Na kuna daftari. Wengi huandika humo mashairi na malalamiko ya hali ya hewa, lakini waokoaji husoma vitu vinne: jina, tarehe, mlikotoka, mnakokwenda. Andika hivyo hata kama umeingia kunywa chai tu, na ukibadilisha njia kabla ya kutoka, rudi urekebishe.