Mazoezi na mazoea

Juzi nimeisikia tena, na safari hii kwa mtu ninayemheshimu: "Mama hana haja ya mazoezi. Kutwa yuko mbioni, anafua, anafagia, anapanda ngazi na kushuka. Hayo si mazoezi?"

Si mazoezi. Ni shughuli. Na wala shughuli si neno la dharau, nitalirudia baadaye.

Maana kwanza, upesi. Shughuli za mwili ni mjongeo wowote wa misuli unaoufanya mwili utumie nguvu: kubeba ndoo, kupalilia, kucheza na mjukuu. Mazoezi ni fungu moja tu la hizo, mijongeo iliyopangwa na kurudiwarudiwa kwa nia ya kuuongezea mwili uwezo au kuulinda usipungue. Mtafiti aitwaye Caspersen na wenzake wawili waliuandika mgawanyo huu mwaka 1985 na wataalamu wanautumia mpaka leo. Basi, kila zoezi ni shughuli, ila si kila shughuli ni zoezi.

Kinachoniudhi ni kwamba sisi hatukuhitaji kumsubiri mtafiti. Kiswahili kimelisema jambo hili ndani ya neno lenyewe, nasi tunalitamka kila siku bila kulisikiliza.

Chukua kitenzi zoea, ambacho katika maandishi ya zamani utakikuta kama zowea. Ukikizoea kitu, hakikushtui wala hakikuchoshi tena. Sasa kitie kitenzi hicho kauli ya kutendesha, ile inayoigeuza potea kuwa poteza na legea kuwa legeza. Unapata zoeza: kumfanya mtu, mnyama au kiungo cha mwili akizoee kitu ambacho bado ni kigeni kwake. Zoezi linatoka hapo, kwenye zoeza. Mazoea yanatoka kwenye zoea. Wamezaliwa tumbo moja, lakini mmoja yuko kazini na mwingine ameshamaliza kazi. Zoezi ni ule muda ambao mwili bado unalazimishwa kujifunza. Mazoea ni pale ulipokwisha kujifunza na kutulia.

Mwanafunzi analijua hili bila kuambiwa. Hesabu anayoijua kwa moyo akiiandika mara mia, hafanyi zoezi, ananakili tu.

Sasa turudi kwenye ngazi za mama. Wiki ya kwanza alipohamia nyumba ile, miguu ilimuuma, akapumzika katikati. Lile lilikuwa zoezi, hata kama hakukusudia. Leo ni mwaka wa kumi, anazipanda huku akizungumza na simu. Hayo ni mazoea. Yana faida yake, kwani mtu anayepanda ngazi kila siku yuko pazuri kuliko anayeshinda kitini, lakini misuli haiongezi nguvu kwa kazi isiyoisumbua.

Kwa kijana kosa hili la lugha halina madhara makubwa. Kwa mtu mzima lina madhara, kwa sababu misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya thelathini, na baada ya sitini hupungua kwa kasi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtaalamu wa lishe Irwin Rosenberg aliipa hali hiyo jina kutoka Kigiriki, sakopenia, yaani ufukara wa nyama. Jina limekaa vizuri, maana ufukara huu huingia kimyakimya. Mama alikuwa akibeba ndoo iliyojaa, sasa anaijaza nusu. Alikuwa akifua amesimama, sasa anavuta kiti. Ngazi anapanda bado, ila mkono hauachi ukingo. Ukimuuliza atakwambia kwa ukweli kabisa kwamba hajaacha kazi hata moja, na hesabu ya kazi kweli haijapungua. Uzito wa kazi hizo ndio uliopungua. Shughuli humfuata mtu anakoelekea, na kama mwili unateremka, nazo huteremka nao. Zoezi ndilo linaloudai mwili kidogo zaidi ya ulivyozoea.

Na mwili wa mzee hulipa deni hilo. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya wazee dhaifu kumi, wenye umri wa takriban miaka 90, waliofundishwa chini ya uangalizi kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu za misuli ya mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kwa hiyo ile kauli ya "mazoezi mepesi tu, huyu ni mzee", inayosemwa hata kabla mtu hajapimwa, nayo inahitaji kutazamwa upya. Wepesi na uzito vipimwe kwa mwili wa mhusika, si kwa mwaka aliozaliwa.

Nilisema nitarudi kwenye shughuli. Wapo wa upande wa pili, wanaoamini kwamba pasipo viatu vya michezo na jasho hakuna lililofanyika. Nao wamekosea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mjongeo wa wastani, na kupalilia au kutembea kwenda kwenye shughuli zako kunahesabika humo. Hata lile sharti la zamani la dakika 10 mfululizo limeondolewa. Ila mwongozo huohuo unaongeza mambo ambayo ufagio hauyatoshelezi: kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na siku tatu au zaidi za kujizoeza nguvu pamoja na kusimama imara, ili mtu asianguke. Nimeandika kujizoeza, na hapo hakuna neno lingine lingefaa.

Basi ukimkuta mama anafagia, usimwambie anapoteza muda, na usimwambie amemaliza mazoezi ya leo. Mpe pole ya kazi. Akishakaa, mwombe anyanyuke kitini bila kushika popote, akae, anyanyuke tena, nawe uwe karibu. Kama mara ya tano imemtoa pumzi kidogo, hapo ndipo zoezi lake lilipo kwa sasa. Siku atakaponyanyuka mara kumi huku akikusimulia habari za jirani, mtafutie kiti kifupi zaidi.